Skrini Ilizimwa, Kompyuta Haikulala

Wakati wa likizo ya Agosti, siku za Nyatichi zilianza na ufagio. Saa moja asubuhi alifagia saiba ya mama yake, chumba kimoja cha kompyuta na uchapaji karibu na steji ya matatu ya Kendu Bay. Alipangusa kompyuta mbili kwa kitambaa kikavu, akajaza karatasi kwenye printa, kisha akakaa dirishani kuota. Kuota ndiyo ilikuwa kazi yake hasa. Hiyo ya ufagio alikuwa anasaidia tu.

Dirisha lile lilionyesha kipande cha ziwa, chembamba kama utepe wa zawadi. Asubuhi zingine wale wadudu wa ziwa wanaoitwa sam waliinuka juu ya maji kwa maelfu, wakawa wingu la kahawia lililokwenda polepole, kama moshi wa jiko ambalo mpishi wake hajulikani. Nyatichi alilitazama mpaka macho yakalegea. Alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko Gredi ya Sita, na mwalimu wake alikuwa ameandika kwenye ripoti: "Ni mwerevu akiwepo."

Mama yake, Mong'ina, alikuja Kendu Bay kutoka Kisii zamani, akiwa na mashine moja ya kuchapa na mtoto mmoja mgongoni. Vyote viwili, alipenda kusema, vilikuwa vinapiga kelele usiku kucha. Sasa alikuwa na saiba yake. Alichapa barua za kuomba kazi na fomu za shule, lakini kazi kubwa ilikuwa vijitabu vya mazishi. Huku mtu hazikwi hivi hivi. Lazima kuwe na kijitabu chenye picha yake, historia yake, majina ya watoto, wajukuu na wakwe. Ole wako umsahau mkwe mmoja.

Wiki hiyo kulikuwa na kijitabu cha Mama Leonida wa Kosele. Mume wake, Mzee Javan, alikuwa fundi seremala aliyestaafu. Wenzake hutuma wajukuu na karatasi iliyoandikwa haraka haraka. Yeye alikataa.

"Nimekaa na huyu mama miaka hamsini na miwili," alimwambia Mong'ina. "Sitaki kijana amwandike kwa dakika kumi kama orodha ya duka."

Basi alikuja mwenyewe, Jumapili, Jumatatu na Jumanne asubuhi. Aliketi, akaongea polepole, na Mong'ina akachapa. Mara nyingine mzee alinyamaza katikati ya neno, na vidole vya Mong'ina vikangoja hewani. Nyatichi alisikiliza kutoka dirishani. Alimwona Leonida akiwa msichana, akishuka kilima na mtungi kichwani, huku anaimba wimbo usio na mwisho kwa sababu alisahau mwisho wake.

Jumanne saa tano, mzee alisimama. "Nimemaliza, Mama Nyatichi. Mambo kama haya mtu husema mara moja. Mara ya pili yataniua."

Mazishi yalikuwa Ijumaa. Vijitabu vilitakiwa Alhamisi jioni.

Baada ya chakula cha mchana, Mong'ina alikwenda Oyugis kununua karatasi nzito za jalada. "Kaa na duka," alimwambia binti yake. "Na ukae kweli. Usikae kwa mwili peke yake."

Nyatichi alibaki na rafiki yake Lynnet, ambaye mama yake aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, nje ya saiba. Wakafungua jalada la kijitabu. Picha ya Leonida ilikuwa katikati ya ukurasa mweupe.

"Hii inakaa kitambulisho," Lynnet akasema. "Ni kama anaenda kuomba pasipoti."

"Inataka fremu. Yale maua meupe yanayoelea majini."

"Si mama yako ako na fremu?"

"Za mawaridi tu. Kila mtu Kendu Bay amezikwa na mawaridi hayo."

Nyatichi akatafuta kwenye intaneti. Akapata ukurasa wenye fremu mia tatu za bure, na kwa kweli kulikuwa na moja yenye maua ya majini, meupe, yametulia, mtu angedhani yanapumua. Akaipakua programu yake. Ilipofika, ilileta maagizo: kabla ya kuifungua, zima kwanza kinga ya kompyuta, la sivyo fremu hazitafanya kazi.

Lynnet alisoma, akacheka kwa pua. "Yaani mgeni bado hajabisha hodi, na tayari anasema mwambie mlinzi aende nyumbani? Mimi sijui, dada."

"Ni dakika moja tu. Nitairudisha."

"Haya. Mlinzi ni wako." Kisha mama yake akamwita ageuze omena, akaondoka.

Nyatichi akazima kinga. Akabofya mara mbili. Kidirisha kidogo cheusi kilitokea, kikapotea haraka kama samaki aliyeona mtu. Halafu hakuna kitu. Hakuna fremu, hakuna maua. Feni ya kompyuta ikaanza kuimba, kwanza chini, halafu juu zaidi.

Akafungua folda ya Mama Leonida. Mbele ya macho yake, zile picha ndogo zikageuka kuwa vikaratasi vyeupe, moja baada ya nyingine. Jina la kila faili likaota mkia wa herufi asizozijua. Akabofya historia ya mzee. Haikufunguka. Akabofya picha ya harusi. Haikufunguka.

Watoto wa Kendu Bay wote wanajua hadithi ya Simbi, kijiji kilichozama kwa usiku mmoja, kikabaki ziwa la duara lililotulia. Wanasema ukiinama kando ya maji utasikia watu wakisaga nafaka huko chini. Nyatichi aliona kwamba hivi ndivyo faili zilivyokuwa. Zote zilikuwepo, kila moja na jina lake. Lakini maji yalikuwa yameshafunika milango.

Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kitufe cha skrini, ukakibonyeza. Skrini ikawa nyeusi. Hapo moyo ukatulia kidogo, kama mtoto anayejifunika shuka akidhani fisi hataona miguu. Akatoka nje, akakaa kwenye ngazi, akatazama omena zikikauka, zikimetameta kama sindano elfu zilizomwagika. Ilikuwa saa nane.

Ndani, kompyuta haikulala. Iliyolala ni skrini peke yake.

Saa tisa kasoro robo alikuja Otieno, kijana wa chuo, akiwa na flashi yake. "Sasa, meneja," akamsalimu Nyatichi. Akatumia kompyuta ya pili, akachapa barua ya kuomba kazi, akalipa, akaenda akipiga mluzi. Nyatichi hakusema kitu. Alitumaini tu kwamba kitu kinachoachwa peke yake kitachoka chenyewe.

Saa tisa na nusu Mong'ina alirudi na karatasi zake. Akawasha skrini. Ilikuwa nyekundu yote, na maandishi meupe ya Kiingereza: faili zenu zimefungwa, mkitaka ufunguo, lipeni kabla siku tatu hazijaisha. Pembeni saa ilikuwa inahesabu kurudi nyuma.

Mong'ina aliketi bila kutazama kiti kiko wapi. Akajaribu kompyuta ya pili. Hiyo nayo faili zake nyingi zilikuwa na mikia.

"Maneno ya Mzee Javan," alisema polepole. "Nyatichi, nani aligusa hii kompyuta?"

"Sijui, Mama."

"Nani alikuja?"

"Otieno tu. Na flashi."

Ilikuwa kweli, na ilikuwa uongo. Nyatichi alihisi vyote viwili vikikaa ulimini mwake.

Mong'ina alimpigia simu kaka yake, Okari, anayefundisha kompyuta katika chuo kimoja cha ufundi huko Migori. Akaweka spika.

"Dada, kwanza pumua," Okari alisema baada ya kusikiliza. "Piga picha huo ujumbe kwa simu yako. Umepiga? Sasa chomoa waya wa intaneti. Halafu ule unaounganisha kompyuta mbili."

"Nimechomoa."

"Ile taa ndogo ya mbele, imetulia au inamweka?"

"Inamwekamweka kama ina wazimu."

"Basi bado inafunga faili. Shikilia kitufe cha umeme mpaka mashine yenyewe izime. Mashine, si skrini. Zote mbili. Na mtu asichomeke flashi yoyote hapo."

Mong'ina akafanya hivyo. Feni zikanyamaza. Kwa mara ya kwanza tangu saa nane, chumba kikawa kimya kweli.

"Okari, si tulipe tu? Mazishi ni Ijumaa."

"Usilipe. Mtu amekufungia mlango wako, wewe unampa pesa akuletee ufunguo? Wengi hulipa na hawapati kitu, na jina lao linaandikwa kwamba hawa hulipa. Nitakuja kesho asubuhi. Lakini niambie, hii kitu iliingilia wapi? Kama ni flashi, nitafuata flashi. Kama ni kitu kilichopakuliwa, nitafuata hicho. Nikibahatisha, nitafagia nyumba vizuri sana na kuacha nyoka chini ya kitanda."

"Ni huyu kijana Otieno. Nampigia sasa hivi. Na akanyage tena hapa aone."

Nyatichi alimwona Otieno akienda zake na barua yake, akipiga mluzi. Alimwona amesimama mlangoni wiki ijayo, anafukuzwa, hajui kwa nini.

"Mama, si Otieno," alisema. "Ni mimi."

Akaeleza yote. Fremu, maua ya majini, ule ukurasa, kinga aliyoizima, na skrini aliyoizima pia. Mong'ina akaweka simu mezani, kati yao.

"Saa ngapi, Nyatichi?" Okari aliuliza.

"Saa nane, Mjomba."

"Mm. Programu hizi hazifungi kila kitu kwa mara moja. Zinapita chumba kwa chumba, kama askari wa kodi. Ungepiga kelele saa nane, pengine tungeokoa nusu, na ile kompyuta ya pili ingebaki nzima." Alikohoa. "Lakini umesema. Sasa najua nyoka ni wa rangi gani. Dada, mpigie huyo Otieno, lakini mwambie asifungue flashi yake mahali popote mpaka niione."

Mong'ina alipiga. Sauti yake ilikuwa ya upole, na mwisho alisema, "Samahani, mwanangu," ingawa Otieno hakujua anaombwa msamaha wa nini.

Okari alifika Jumatano asubuhi na begi, kompyuta yake mwenyewe, na mahindi mawili ya kuchoma aliyonunua njiani. Moja alimpa Nyatichi. "Shahidi hula kwanza," alisema.

Alitumia kompyuta yake, ile safi, kuangalia picha ya ujumbe na ile mikia ya faili. "Kuna tovuti ambapo polisi na wataalamu wa nchi mbalimbali hukusanya funguo za bure," alimweleza Nyatichi. "Aina zingine za huu ugonjwa zimeshavunjwa, unapata ufunguo bila kulipa. Hebu tuone yetu." Wakaona. Yao haikuwa na ufunguo bado.

"Sasa?" Nyatichi aliuliza.

"Sasa faili zilizofungwa tunaziweka kando kwenye diski ya peke yake, tunaandika juu: hatari. Mwaka ujao ufunguo unaweza kupatikana. Halafu mashine tunazifuta zote mbili, mpaka zibaki kama zilivyotoka dukani, tuweke mfumo upya. Kufuta hiyo programu peke yake hakutoshi. Na hata ukiifuta, haifungui ilichofunga. Mwizi akishikwa, ufunguo alioutupa ziwani hauelei." Akamgeukia dada yake. "Nakala unayo mahali?"

Mong'ina alifungua mkoba wake, akatoa kitu kilichofungwa kwenye leso. Ilikuwa diski ndogo nyeusi. Kila Ijumaa, kabla jua halijazama na Sabato kuingia, alikuwa akinakili kazi zote za wiki, anachomoa diski, anaipeleka nyumbani. Hakufundishwa na mtu. Aliona tu kwamba kama mkono wake unapumzika siku ya Sabato, na kazi yake nayo itoke dukani ikapumzike.

Okari, ambaye ni Mkatoliki na hupenda kumtania dada yake, aliigeuza mkononi. "Kumbe Sabato inaokoa mpaka kompyuta. Ingekuwa inakaa imechomekwa kama za watu wengi, hii nayo ingefungwa. Nitazungumza na padri."

Kazi ilichukua mpaka saa sita. Alifuta mashine, akaweka mfumo safi, akawasha kinga na kuiambia ijisasishe yenyewe. Akaipima flashi aliyoileta Otieno, na kwa bahati haikuwa na ugonjwa huo. Akapima diski ya Sabato kabla ya kurudisha faili. Paswadi zote za Mong'ina zikabadilishwa, na taarifa ikapelekwa kwa kitengo cha serikali kinachofuatilia wezi wa mtandao. Nyatichi alikuwa anaandika kila hatua kwenye daftari, na safari hii akili yake haikwenda dirishani.

Picha za Leonida zilirudi, kwa sababu familia ilizileta wiki iliyopita. Barua za watu zilirudi. Lakini diski ilikuwa ya Ijumaa, na Mzee Javan alianza kuongea Jumapili. Maneno yake hayakuwepo.

"Nitamwandikia mimi," Mong'ina alisema. "Nakumbuka kidogo."

"Hapana, Mama," Nyatichi akasema. "Twende kwake. Nitamwambia mimi."

Alasiri hiyo, huko Kosele, walimkuta mzee kwenye karakana yake nyuma ya nyumba. Upande wa mbele vijana walikuwa wanasimamisha hema, na wanawake wanaosha sufuria kubwa. Yeye alikuwa peke yake, anapiga randa ubao wa mvule. Ulikuwa msalaba wa Leonida. Maranda mepesi yalianguka miguuni pake yamejikunja, na mwanga wa dirishani ukayapita, yakawa kama taa ndogo ndogo.

Nyatichi alisimama kati ya maranda. "Babu, yale maneno yako yamepotea. Ni mimi niliyapoteza." Akasema yote, hata ile saa moja na nusu ya ngazini.

Randa ilisimama. Halafu ikaendelea, mara tatu, nne.

"Ulikuwa unamtafutia maua," mzee alisema mwishowe.

"Ndiyo, Babu."

"Leonida hakujali maua. Yeye alikuwa mtu wa karanga." Akaweka randa chini, akakalia gogo. "Nilisema sitayarudia, nyakwara, mjukuu wangu. Na sitayarudia. Keti. Una kalamu?"

Nyatichi alikuwa na daftari lake.

"Kwa mama yako nilisema hivi: nilimjengea mke wangu nyumba nzuri. Watu watapenda kusikia hivyo. Lakini wewe umetoka Kendu Bay kuja kuniambia jambo ambalo ungeweza kunificha. Mimi nitakudanganya namna gani?" Alitazama mikono yake. "Miaka hiyo nilikuwa kibarua kwenye miwa, huko Migori. Mshahara wangu ulikuwa haufiki nyumbani. Ulikuwa unanywewa njiani, na mnywaji ni mimi. Leonida alilima karanga, akauza Kosele kila siku ya soko, debe kwa debe, miaka sita. Niliporudi, nyumba ilikuwa imesimama. Nilichofanya mimi ni milango. Andika hivyo. Andika, milango ni ya Javan."

Aliongea mpaka jua likageukia upande wa pili wa karakana. Safari hii hakunyamaza sana. Mara mbili alicheka mwenyewe. Nyatichi aliandika, na Leonida aliyemwona sasa hakuwa yule msichana wa ndotoni mwenye mtungi. Alikuwa mwanamke mwenye vumbi miguuni, anahesabu mabati yaliyobaki.

Walipoaga, mzee alimshika bega. "Nisikilize, nyathina, mwanangu. Kosa lako saa nane lilikuwa dogo, hata mtoto angelibeba. Ulipolifungia ndani peke yake, likapata nafasi ya kula. La kwangu nimelifungia miaka arobaini, na wewe unaona jinsi lilivyonenepa."

Alhamisi jioni vijitabu vilikuwa tayari, na jalada lilikuwa na fremu ya mawaridi kama ya kila mtu.

Ijumaa, binti wa Leonida alisoma historia mbele ya watu mia kadhaa. Alipofika kwenye habari ya nyumba, alikisogeza kijitabu karibu na macho. Hakuwa amelijua jambo hilo. Hata vijiko vikaacha kugonga sahani. Akasoma: nyumba hii alijenga Leonida kwa karanga, milango ni ya Javan. Kwanza akina mama wa soko la Kosele wakainuka, wale waliokaa naye kwenye vumbi miaka hiyo, wakapiga makofi wakiwa wamesimama. Halafu wazee wakaanza kucheka, kicheko cha watu wanaolia. Javan aliinamisha kichwa, lakini mabega yake yalionekana mepesi.

Mong'ina alimwinamia binti yake. "Umeona? Kuanzia leo, mgeni akisema umfukuze mlinzi, umfukuze huyo mgeni. Ukishuku kitu, chomoa waya. Na ukikosea, useme."

"Ndiyo, Mama."

"Mzee amechukua miaka arobaini kusema. Wewe ulichukua saa moja na nusu." Akamsukuma kidogo kwa kiwiko. "Safari ijayo jaribu dakika moja."